Kuku kishingo wenye daftari la nasaba, na kidimu wasio nalo: riviu ya banda moja la Mwera

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka apate lake aende zake. Kama unataka kuku wa kuchinja Ijumaa nenda Darajani au Mwanakwerekwe, huku usijisumbue. Ila kama unatafuta mbegu, yani jogoo au koo wa kujengea kundi lako mwenyewe, basi hili banda la huku Mwera, njia ya kuelekea Dunga, mimi nalipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeizuia kwa sababu maalum ntaieleza huko chini maana imenikera kweli na inawagusa wanunuzi wengi.

Banda ni la bi mkubwa mmoja na vijana wake wawili, wanauza zaidi kishingo, yani kuku wa shingo tupu, na kidimu, wale wa manyoya yaliyojipinda. Ukifika cha mwanzo utachoona ni pete. Kila kishingo ana pete ya plastiki mguuni, nyekundu, njano au nyeupe, na kila pete ina namba, na kila namba imo kwenye daftari: baba nani, mama nani, kaanguliwa lini. Nimeshanunua kuku sehemu nyingi Unguja hii na kila mahali ni maneno tu, "huyu mbegu nzuri huyu, baba ake mkubwa kama bata mzinga", ukiuliza baba yuko wapi kashaliwa zamani. Hapa bi mkubwa aliniuliza, "Mwanangu, wewe unataka kishingo wa kumtazama au kishingo wa kuzalisha?" nikamwambia wa kuzalisha mama, akanipeleka kwa wenye pete nyekundu moja kwa moja.

Sasa hizo rangi maana yake nini, hapa ndo utamu wenyewe ulipo kwa hiyo nivumilieni.

Kuku ana kromosomu 78 (zile nyuzi zinazobeba jeni, yani maagizo ya mwili), jozi 39, nusu kapewa na jogoo nusu kapewa na koo. Kwa hiyo kila jeni (ukitoa zile za kromosomu za jinsia, ntazigusia) anayo nakala mbili, moja ya baba moja ya mama. Kishingo anatokana na badiliko moja tu la jeni, myutesheni kama wanavyosema skuli, na badiliko lenyewe lina nguvu kiasi kwamba hata nakala moja inatosha kuliona kwa macho, lakini zikiwa mbili linazidi. Mwenye nakala moja shingo ipo wazi ila mbele chini kabisa, pale karibu na kifua, ana kikonyo cha manyoya. Mwenye mbili shingo yote nyekundu tupu, kikonyo hakuna au utakuta manyoya ya kuhesabu. Pete ya njano ni nakala moja, nyekundu ni mbili, nyeupe ni wale ndugu zao waliotoka na manyoya kamili. Na bi mkubwa haamini macho peke yake, jogoo havishwi nyekundu mpaka apandishwe kwa makoo ya kawaida na vifaranga wote watoke shingo wazi, akitokea hata mmoja mwenye shingo ya manyoya basi jogoo huyo ana nakala moja, anashushwa njano. Huo ni upimaji wa haki kabisa, na hauhitaji maabara.

Kwanini nakala hiyo inavua shingo? Hili lilikuja kujulikana vizuri 2011, watafiti wa Roslin Institute, taasisi ya utafiti wa wanyama kule karibu na Edinburgh, Uskochi (hapohapo alipozaliwa yule kondoo wa kunakiliwa, Dolly, 1996) walikuta kwamba kipande kirefu cha kromosomu ya 1 kimehama kikajichomeka kwenye kromosomu ya 3, jirani na jeni inayoamrisha manyoya yaote au yasiote. Jeni yenyewe haikuharibika hata herufi moja. Ni kama mtu kachukua kipande cha pindo la kanga nyengine akakishona katikati ya mji wa kanga yako, maandishi yapo palepale lakini kanga hailali tena kama ilivyokuwa. Basi ile jeni jirani ikawa inafanya kazi kupita kiasi, inatoa protini nyingi inayozuia manyoya, na ngozi ya shingo ya kuku inatengeneza yenyewe asidi inayotokana na vitamini A inayoifanya ngozi hiyo iisikie zaidi hiyo amri kuliko ngozi ya mgongo. Ndo maana shingo inatoka tupu na mgongo unabaki na manyoya yake, ingawa hata mgongoni na kifuani manyoya yanapungua kidogo.

Na walipopima kuku kishingo wa Mexico, Ufaransa na Hungary wakakuta badiliko ni lilelile moja. Maana yake lilitokea mara moja kwa kuku mmoja huko nyuma, kisha wakasambaa na watu na majahazi na biashara. Nalisema hili kwa sababu kijana mmoja wa banda, kijana mzuri na mchapakazi, anawaambia kastoma kwamba "joto la Unguja ndo limewavua manyoya". Hapana jamani. Joto halimvui kuku manyoya akaja kuwarithisha watoto. Ungemnyonyoa kuku shingo kila wiki maisha yake yote, vifaranga wake wangetoka na shingo za manyoya vilevile, kwa sababu hujagusa chochote kwenye mbegu na yai. Badiliko linatokea lenyewe bila kuuliza nchi ina joto au baridi, ila likishatokea, nchi ya joto inampendelea mwenye nalo na wafugaji wanamuweka.

Na kweli anapendelewa. Kuku hana jasho, anapoza mwili kwa kuhema mdomo wazi na kwa zile sehemu zisizo na manyoya, upanga wa kichwani, ndevu, miguu. Sasa mtu keshaongezewa shingo nzima ya kupozea na manyoya ya mwili mzima yamepungua, kwa nakala moja yanapungua kama asilimia 20 hivi mpaka 30, kwa nakala mbili inafika karibu 40. Ile Februari ya kaskazi hakuna upepo, joto 32 na kuendelea, utaona kuku wengine wametanua mbawa wanahema tu chakula hawagusi, kishingo yupo anaparura. Halafu manyoya ni protini tupu, kuku asiyejenga manyoya mengi protini ile inakwenda kwenye nyama na mayai. Kwa anaelisha chakula cha kununua, na bei za chakula cha kuku mnazijua, hii si faida ndogo.

Mimi nilichukua jogoo wa pete nyekundu kwa shilingi 60,000, wa njano alikuwa 40,000. Watu watasema ghali, kuku gani elfu sitini. Jogoo huyo nilimuachia matembe yangu ya kawaida ya hapa nyumbani, yana manyoya mpaka masikioni, na kila kifaranga kilichoanguliwa kimetoka shingo wazi na kikonyo chake mbele. Kila kimoja. Ningechukua wa njano ingekuwa kama nusu kwa nusu, kila kifaranga bahati yake. Kwa hiyo ile 20,000 ya juu haulipii ukubwa wala uzuri, unalipia ile nakala ya pili, na imefanya kazi kama nilivyoahidiwa. Ukija kuwapandisha hao watoto wenyewe kwa wenyewe tegemea robo nakala mbili, nusu nakala moja, robo manyoya kamili, na hiyo robo hesabu yake inakaa sawa kwenye vifaranga wengi, kwa wachache usije ukamlaumu mtu.

Jengine alilonambia bi mkubwa na ni kweli: mayai yenye mimba ya nakala mbili yanaangua kidogo pungufu kuliko mengine, kwa hiyo kwa mfugaji wa kawaida jogoo mwekundu juu ya makoo ya kawaida ndo mpango mzuri zaidi, usilazimishe kundi lote liwe nyekundu. Muuzaji kukwambia nunua jogoo mmoja tu na makoo yako mwenyewe yanatosha, hii imani sijaiona kwengine.

Haya, sasa ile nyota ya tano.

Kidimu. Kuku mwenye manyoya yaliyojipinda nyuma yote, anapendeza, watu wanampenda, wengine wanamtaka kwa mambo yao ya uganga ambayo mimi sizungumzii. Hapo bandani wanauza "jozi ya kidimu", jogoo kidimu na koo kidimu, 90,000, imefungwa kamba pamoja, na daftari la kidimu halipo! Kwenye kishingo kuna pete na namba na kila kitu, kwenye kidimu hakuna neno hata moja anaambiwa mnunuzi. Na kidimu ndo anaehitaji kuelezwa zaidi kuliko wote.

Sababu ni hii. Kidimu pia ni badiliko moja la jeni, safari hii ni jeni ya keratini, ile protini inayojenga unyoya wenyewe (na kucha na mdomo). Kipande kidogo cha jeni hiyo kimedondoka, ilitangazwa 2012, na bua la unyoya linakua limekosa unyoofu wake likajikunja. Nakala moja: kidimu mzuri, manyoya yanajipinda, kuku mzima anataga anakula. Nakala mbili: manyoya yanakuwa membamba, makavu, yanakatika akijikwaruza tu, kuku anabaki uchi sehemu kubwa ya mwili. Na haiishii kwenye manyoya. Watafiti Walter Landauer na L. C. Dunn waliandika habari za kuku hawa tangu 1930 na waliofuata waliona kwamba kuku huyu wa nakala mbili mwili unapoteza joto muda wote, anakula sana kufidia, moyo unatanuka kwa kazi nyingi, na akiwa kifaranga anakufa kirahisi mno. Kipupwe hiki chetu cha Juni mpaka Agosti kinachotufurahisha sisi, kwa kifaranga huyo ni mateso.

Sasa ukipandisha kidimu kwa kidimu, robo ya vifaranga watakuwa hivyo. Robo! Kwenye kila mayai mia yaliyoangua, ishirini na tano hivi ni viumbe vinavyotetemeka. Nimemuona mama mmoja hapo bandani karudi na boksi la vifaranga kanyanyua sauti, "mumeniuzia kuku wagonjwa, wana upele, manyoya yanawatoka", na kijana akawa anamwambia ni utitiri awapake dawa ya unga. Si utitiri ule. Wale vifaranga hawakuwa na mdudu hata mmoja, wamezaliwa nalo, na hakuna dawa ya duka lolote itakayolirudisha bua la unyoya lililokosa kipande chake. Nilimwambia yule mama palepale, dada usitumie pesa ya dawa, mchukue jogoo wako kidimu umpe makoo ya manyoya ya kawaida, utapata nusu kidimu nusu kawaida na hutomuona tena hata mmoja wa namna hii. Na wale wa kawaida watakaotoka hawana kidimu kilichojificha ndani, ukiwapandisha wenyewe kwa wenyewe utapata wa kawaida tu.

Bi mkubwa siku hiyo hakuwepo. Nilivyomkuta baadae nikamwambia mama, hii jozi haifai kuuzwa hivi, iuzwe kidimu mmoja na mwenzake wa manyoya ya kawaida. Akanambia watu hawataki, wanataka wote wawili wapendeze. Naelewa biashara, lakini hapa kuna mnyama anaeteseka na kuna mwananchi anaepoteza pesa, na muuzaji anajua sababu. Mpaka hilo libadilike nyota ya tano haipatikani kwangu.

La kuku wa miguu mifupi, wale vibete wanaotembea kama wanajivuta, nilidhani ntakuta kasoro ileile na nikakuta kinyume, wamelifanya vizuri sana. Hawa badiliko lao ni kali zaidi: nakala moja miguu mifupi, nakala mbili kifaranga anafia ndani ya yai siku za mwanzo tu, kwa hiyo huwezi kukuta kibete hai mwenye nakala mbili. Anaepandisha vibete wenyewe kwa wenyewe anaona kila safari mayai mengi viza, analaumu koo halikuatamia vizuri, analaumu radi, analaumu jicho la watu. Hapa bandani jogoo kibete hawekwi kabisa na koo kibete, anapewa makoo ya miguu mirefu, nusu ya watoto vibete nusu warefu, mayai hayaharibiki bure. Sasa niulize, wanalijua hili kwa vibete, kwanini wasilifanye kwa kidimu?

Kitu chengine nilichokipenda ni vifaranga wa siku moja waliotenganishwa jike na dume. Hili ni kwa wale wanaotaka mayai. Kwa ndege mambo ya jinsia ni kinyume na kwetu: jogoo ana kromosomu mbili za aina moja, Z na Z, koo ana Z moja na W. Ile Z moja ya koo inakwenda kwa watoto wa kiume tu, mabinti Z yao wanaitoa kwa baba. Sasa badiliko la milia, wale kuku weusi wenye mistari mieupe kama Plymouth Rock, linakaa kwenye Z. Ukichukua koo la milia ukampa jogoo mweusi asie na milia, watoto wa kiume wote wanarithi milia ya mama, mabinti wote wanakuwa weusi watupu. Na kifaranga siku anayoanguliwa tu utamjua, dume ana baka jeupe utosini, jike hana. Vijana wa banda wanachagua haraka hutoamini, na wengi niliowaona baadae kwa watu wametokea kweli matembe. Angalizo: haifanyi kazi kinyume chake, jogoo wa milia kwa koo jeusi hamtambui kitu siku hiyo, kwa hiyo usiende kujaribu nyumbani kwa kugeuza ukasema umedanganywa.

Nimeona pia mtu anamlalamikia bi mkubwa kwamba kauziwa jogoo wa manyoya mekundu na koo jeusi na katoka kifaranga mweupe pepe, ati jogoo wa jirani kaingia. Hapana, kuna weupe unaojificha, badiliko ambalo nakala moja haionekani kabisa, mpaka mtoto apate ya baba na ya mama pamoja ndo anatoka mweupe. Wazazi wote wawili walikuwa wameibeba kimyakimya. Kishingo na kidimu hawajifichi hivyo ndo maana rahisi kuwafatilia, huu weupe hata daftari zuri halikuoneshi mpaka siku unapotokea.

Kwa afya: msimsikilize mtu yoyote anaewaambia kishingo haumwi kideri. Nimelisikia mpaka bandani hapo na nimelipinga. Shingo wazi inasaidia joto, haizuii kirusi. Kuku wote, mwenye manyoya na asie nayo, wachanjwe, ile chanjo ya tone moja la jicho ya I-2 kila miezi mitatu, bei ndogo mno ukilinganisha na kuamka asubuhi tundu zima limekufa. Na vifaranga vya kishingo wiki za mwanzo vinahitaji taa au jiko la mkaa zaidi kuliko vyengine, faida ya joto wanaiona wakikua, wakiwa wadogo masika inawaonea.

Huduma kwa jumla: simu wanapokea, wasap wanajibu usiku, picha wanayokutumia ndo kuku utakaepewa. Kifaranga cha mwezi mmoja 6,000, yai la kuatamiza 1,500 na wanakwandikia juu kwa peni namba ya jogoo na koo. Kwa walioko Pemba wanapakia mayai kwenye trei na pumba za mbao wanapeleka bandarini, jamaa yangu wa Wete alipokea bila ufa, ila muache mayai yatulie siku nzima ncha chini kabla hamjayaweka chini ya koo au kwenye mashine. Wakati wa kwenda ni asubuhi kabla jua halijawa kali, mchana vijana wanapumzika na hutopata mtu wa kukufungulia daftari. Ukienda kwa kishingo taja pete nyekundu kwa jina. Ukienda kwa kidimu mchukue mmoja, kataa jozi, na waambie kwanini unaikataa, maana tukiwa wengi tunaoikataa ndo bi mkubwa atawafungua ile kamba.